Bwana Afya na Chama Chake: Tawasifu ya Tom Mboya kama Tarjuma Isiyo na Asili

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuwaachia wanahistoria vitabu vya wanasiasa, na kuiachia idara jirani vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Desturi hiyo ina sababu zake, lakini imekiacha kitabu kimoja bila ya msomaji kinayemstahili. Freedom and After cha Tom Mboya, kilichotolewa London mwaka 1963, ni tawasifu kwa upande mmoja na risala ya siasa kwa upande wa pili; na katika sehemu zake za tawasifu kinasimulia namna mtumishi mmoja wa Baraza la Jiji la Nairobi alivyojipatia nguvu kazini na namna alivyozitumia. Sehemu kubwa ya mambo hayo ilitendeka kwa Kiswahili: katika ukumbi wa Kaloleni, katika vichochoro vya Pumwani na Shauri Moyo, katika viwanja vya mitaa ya mashariki ambako wafanyakazi wa kila kabila walikutana jioni baada ya kazi. Simulizi yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza.

Dai la makala hii ni kwamba Freedom and After ni tarjuma, na kwamba matini ya asili ya tarjuma hiyo haikuandikwa kamwe. Msomaji akisomaye huku akiitafuta asili hiyo ataona jambo lisiloonekana kwa urahisi na msomaji wa Kiingereza pekee. Mboya aeleza vyema jinsi kiongozi anavyotumia nguvu. Lakini pale hasa alipozipata, kitabu chake hunyamaza.

Mboya alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, na babake alikuwa nyapara wa wakata mkonge. Neno hilo lastahili kutazamwa kwa makini. Kiingereza kina maneno kadhaa ya kumtaja msimamizi wa vibarua, nayo yote hutaja kazi tu. Nyapara ana historia ndefu zaidi. Wanyampara walikuwa viongozi wa misafara ya Wanyamwezi katika karne ya 19, watu waliosimama baina ya mwenye mali na wapagazi. Mwenye mali aliwategemea ili mizigo ifike, na wapagazi waliwategemea ili posho ipatikane. Neno lilipohamia katika mashamba ya walowezi lilikwenda na mahali pake pa kusimama. Nyapara ndiye ahesabuye siku za kibarua, ndiye ajuaye ni nani mgonjwa kweli na ni nani ajifanyaye mgonjwa, ndiye aambiwaye na Mzungu kwamba kazi haitoshi na aambiwaye na vibarua kwamba kazi imezidi. Amri yake ni ya kuazima kutoka juu, lakini asipopata kauli kwa walio chini amri hiyo haimfai kitu. Tofauti hii baina ya amri na kauli ndiyo kiini cha suala zima la uongozi kazini, na Mboya aliiona nyumbani kwao kabla hajaenda shule. Katika kitabu cheo cha babake chatajwa, lakini maana yake haifuatiliwi. Anayeonekana ni mzee maskini na mwadilifu. Nyapara amepotea katika tafsiri.

Kutoka Kilima Mbogo Mboya alipita katika shule za misheni za Ukambani, Nyanza na Mang'u, akiwa Mjaluo aliyezaliwa mbali na ziwa na kukua miongoni mwa Wakamba na Wakikuyu. Kiswahili alichofika nacho Nairobi hakikuwa cha Lamu wala cha Mombasa. Kilikuwa Kiswahili cha shamba na cha bweni, kilichojengwa na watu ambao kwao hakikuwa lugha ya mama, na ambacho wana sarufi wa zama hizo walikidharau. Hicho ndicho kilichomfaa. Katika mitaa ya Nairobi msemaji wa Kiswahili fasaha mno angeonekana mgeni, na msemaji wa lugha ya kabila lake angesikilizwa na kabila lake peke yake.

Baada ya mafunzo Kabete, Mboya aliajiriwa na Baraza la Jiji mwaka 1951 kuwa mkaguzi wa afya. Kiingereza chake cha kitabuni hutumia jina rasmi la kazi hiyo, jina la ofisini lisilo na harufu. Wakazi wa mitaa walikuwa na jina jingine: bwana afya. Hapa ndipo tarjuma inapomwangusha msomaji kwa mara ya kwanza. Mkaguzi ni mtumishi mdogo miongoni mwa wengi. Bwana afya ni bwana. Ndiye aingiaye katika hoteli na bucha bila ya kubisha hodi, atazamaye choo na mtaro, achukuaye kipimo cha maziwa, na ambaye maandishi yake yaweza kumfungia mtu biashara. Katika miji iliyotawaliwa kwa sheria ndogo ndogo za Baraza, mtu huyo alikuwa serikali yenyewe ikitembea kwa miguu. Lakini bwana huyo huyo akirudi ofisini alikuta kwamba analipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa wenzake Wazungu waliofanya kazi ile ile. Alikuwa bwana barabarani na boi ofisini. Hapana hali iliyo bora kuliko hiyo ya kumfundisha kijana mwerevu jinsi madaraka yanavyofanya kazi, kwani aliyaona kutoka pande zote mbili kwa siku moja.

Kitabu kina kisa maarufu kinachohusu hali hiyo. Mboya yumo katika maabara akipima maziwa. Mwanamke wa Kizungu aingia na chupa yake, atazama huku na huku, kisha auliza kama kuna mtu. Mboya amjibu kwa kumwuliza kama macho yake yana kasoro. Kisa hiki hunukuliwa kila mahali, na kwa haki, maana kimesimuliwa kwa uhai mkubwa: maneno ya pande zote mbili yamo, na msomaji husikia sauti zenyewe. Lakini kwa nini kisa hiki kina uhai ambao mikutano ya wafanyakazi haina? Jibu ni kwamba kilitokea kwa Kiingereza. Mwandishi hakuwa na la kutafsiri. Mikutano, ambayo ndiyo iliyomfanya awe kiongozi, huelezwa zaidi kwa matokeo yake: wanachama waliongezeka, madai yalipelekwa, mwajiri alikubali au alikataa. Palipokuwa na Mzungu wa kujibizana naye kuna mazungumzo; palipokuwa na Waafrika mia kadhaa wakisikiliza na kuuliza maswali kuna muhtasari. Msomaji huishia kuwajua wapinzani wa Mboya kwa sauti zao, na wafuasi wake kwa idadi yao.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa Mombasa. Mwezi wa Machi 1955 makuli wa bandari waligoma, na Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi tangu 1953, alikwenda pwani kusuluhisha. Wafanyakazi walirudi kazini, shauri likapelekwa kwa waamuzi, na mishahara ikapanda. Tukio hili ndilo lililomtangaza, hata nje ya Kenya. Sasa, kuwaita watu wagome si kazi ngumu pale penye njaa na hasira. Kazi ngumu ni kuwaambia watu waliokwisha kugoma, ambao hawajapata kitu mkononi, kwamba warudi kazini na kungoja. Kiongozi anayeweza kusema hivyo bila ya kupigwa mawe ana nguvu kwelikweli. Na aliyesema hivyo alikuwa kijana wa miaka 24, mtu wa bara, mwenye Kiswahili cha bara, akisema katika mji ambao husahihisha Kiswahili cha wageni hata wakati wa msiba. Aliwaambiaje? Alianza na salamu gani? Aliwaita ndugu, wazee, au wenzangu? Alitumia neno gani la kuwa na subira ambalo halikusikika kama woga? Kwa mwanafunzi wa lugha hapa ndipo kiini cha kitabu chote kingekuwa, na hapa pana matokeo tu.

Neno la pili linalopotea ni chama. Kwa Kiingereza kuna neno la muungano wa wafanyakazi, jingine la chama cha siasa, jingine la ushirika, jingine la jumuiya ya watu wa kwao waliomo mjini. Sheria ya mkoloni iliandikwa kwa lugha hiyo na ilitegemea mipaka yake. Kenya African Union ilipopigwa marufuku mwezi wa Juni 1953, vyama vya wafanyakazi viliachwa, kwa kuwa mbele ya sheria vilikuwa kitu kingine kabisa. Kwa Kiswahili mipaka hiyo haikuwako. Chama cha siasa ni chama, chama cha wafanyakazi ni chama, na wanawake wachangao fedha kila mwezi wana chama. Aliyesimama Kaloleni mwaka 1954 akasema kwamba chama kinadai nyumba, mshahara na kukomeshwa kwa misako ya usiku, hakulazimika kueleza ni chama cha aina gani. Wasikilizaji walijaza wenyewe. Serikali ilipotishia mwaka 1956 kulifutia shirikisho uandikishaji wake kwa sababu ya kujiingiza katika siasa, ilikuwa ikilalamika, bila ya kujua, juu ya neno moja la Kiswahili.

Mboya alilijua jambo hili kuliko mtu yeyote na alilitumia kwa ustadi. Lakini kitabuni inambidi alieleze kwa Kiingereza, na maelezo yake huwa ya utetezi: kwamba vyama vya siasa vilikuwa vimefungwa, kwamba wafanyakazi hawakuwa na msemaji mwingine, kwamba haiwezekani kutenga njaa na utawala. Yote hayo ni kweli. Ila msomaji hupata picha ya mtu aliyevuka mpaka kwa kulazimika, na kumbe kwa wasikilizaji wake mpaka haukuwako. Nguvu yake kubwa imegeuzwa kuwa hoja ya wakili.

Kuna ukimya mwingine ambao hauwezi kulaumiwa lugha peke yake. Pahali aliposimama Mboya palikuwa na watu kabla yake. Tarehe 1 Mei 1949 Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha East African Trade Union Congress. Mwezi wa Aprili 1950, katika ukumbi ule ule wa Kaloleni, Makhan Singh alitoa hoja ya kutaka uhuru wa nchi za Afrika ya Mashariki pasipo kungoja. Mwezi uliofuata yeye na Kubai walikamatwa, na jiji likagoma kwa zaidi ya wiki moja. Mwaka 1951 Kubai na Bildad Kaggia, wote wawili watu wa vyama vya wafanyakazi, walilishika tawi la Nairobi la Kenya African Union. Mwezi wa Oktoba 1952 walitiwa nguvuni pamoja na Kenyatta. Kisha tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi, na katika msako ulioitwa Anvil maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa katika mitaa ya mashariki na kupelekwa vizuizini. Vyama vilibaki bila ya makatibu, bila ya waweka hazina, na vingine bila ya wanachama.

Katika pengo hilo ndimo aliposimama Mboya. Si haki kusema kwamba alilifurahia. Aliwatetea waliokamatwa, na kufanya hivyo katika miaka ile kulihitaji moyo. Lakini uchunguzi wowote wa namna viongozi wanavyopata nguvu hauna budi kukiri kwamba nguvu nyingine hupatikana kwa sababu wengine wameondolewa, na kwamba kiongozi huyo huzirithi pamoja na wasikilizaji waliokwisha kufundishwa kusikiliza. Hadhara ya Kaloleni ilikuwa imekwisha kulelewa: ilijua maana ya azimio, ilijua kupiga kura kwa mikono, ilijua neno mgomo na neno uhuru. Kaggia, katika kitabu chake Roots of Freedom cha mwaka 1975, ana uchungu unaosikika juu ya historia iliyowasahau watangulizi, ingawa yeye naye aliandika kwa Kiingereza.

Inafaa hapa kukitia Makhan Singh katika mizani. Kitabu chake cha historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi 1952, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1969, ni kigumu kusomeka. Kimejaa maazimio, barua, matangazo na orodha za majina. Mwandishi mwenyewe, aliyekaa kizuizini tangu 1950 hadi 1961, amejificha nyuma ya nyaraka kama karani nyuma ya dirisha. Hata hivyo kwa swali la makala hii kitabu hicho kikavu kina thamani kuliko kile kilichoandikwa kwa ufasaha. Makhan Singh alitoka katika nyumba ya wapiga chapa, na alijua kwamba tangazo la mgomo lisilokuwa katika lugha ya msomaji wake ni karatasi tupu. Chama chake kilitoa matangazo kwa lugha kadhaa. Kwa hiyo yeye humwonyesha msomaji vyombo vya uongozi, yaani nani aliandika, nani alisaini, nini kilidaiwa, kwa shilingi ngapi. Katika madai ya mgomo wa 1950 mna mshahara wa chini wa shilingi 100 kwa mwezi, mna sheria ndogo za madereva wa teksi, mna kukamatwa kwa watu usiku majumbani mwao. Mtu akiyasoma hayo huanza kusikia jinsi yalivyosemwa. Kwa Mboya husikia jinsi yalivyofikiriwa.

Wala Mboya hakukosa kufikiri juu ya lugha. Katika kurasa zinazohusu ujenzi wa harakati za uhuru aeleza waziwazi kwamba harakati huhitaji maneno machache, rahisi, yanayokumbukwa na kila mtu, na huhitaji kiongozi mmoja ambaye watu hujiona ndani yake. Tofauti za fikira zingoje. Kama nadharia ya madaraka, kurasa hizo ni za kweli na zatisha kidogo. Mwandishi anazungumza kama fundi wa saa anayefungua mfuniko. Lakini neno lenyewe, uhuru, halikutafsirika. Limo kitabuni kama lilivyo, Kiswahili kikavu katikati ya Kiingereza, kama jiwe katika mchele. Ni moja ya mahali pachache ambapo asili imepenya.

Juu ya matumizi ya nguvu, kitabu ni wazi zaidi, na hapa yafaa kwenda kwa haraka kwa sababu wanahistoria wamekwisha kueleza. Mwaka 1961 Mboya alichaguliwa Nairobi Mashariki kwa kura zaidi ya 31,000, ushindi usio na mfano katika uchaguzi ule. Mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Kazi, na mwezi wa Oktoba mwaka huo ulitiwa saini mkataba wa uhusiano wa kazini baina ya serikali, waajiri na shirikisho, ambao uliitanguliza suluhu mbele ya mgomo. Mwaka 1965 serikali iliyavunja mashirikisho mawili yaliyokuwa yakipingana na kuunda COTU, na Rais akapewa haki ya kumteua Katibu Mkuu miongoni mwa majina matatu yaliyopendekezwa na chama. Mwana wa nyapara alikuwa amefika mahali ambapo aliweza kuona tena, safari hii kutoka juu, thamani ya mtu asimamaye katikati.

Yaweza kujibiwa kwamba lawama zote hizi zamwonea mwandishi. Mboya aliandika mwaka 1963 kwa wasomaji wa London na Marekani, waliohitaji kushawishiwa kwamba Mwafrika aweza kuongoza nchi. Hakuwa na wajibu wa kuhifadhi hotuba zake kwa ajili ya idara za lugha. Jibu hilo lina uzito. Pamoja na hayo, uchaguzi wa lugha nao ni tendo la madaraka. Waliompa Mboya nguvu walikuwa wakazi wa Kaloleni na makuli wa Mombasa. Waliopewa maelezo ya nguvu hizo walikuwa wengine. Kibarua aliyenyosha mkono mwaka 1955 hakuweza kusoma jinsi mkono wake ulivyohesabiwa. Kiongozi awezaye kusema kwa lugha mbili, mbele ya hadhara mbili ambazo hazisikilizani, ana nafasi kubwa ya kujieleza kwa kila moja kama apendavyo, na nafasi hiyo ndiyo uongozi mwingi wa Afrika ya Mashariki uliyoishi ndani yake tangu hapo.

Fasihi ya Kiswahili yenyewe imejaribu kuliziba pengo hilo. Tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki, iliyotoka mwaka 1981, mwaka mmoja kabla mwandishi wake hajawekwa kizuizini, inamweka jukwaani Lanina, mwanamke aongozaye wafanyakazi wa shamba la Delamon. Hapa kila kitu husemwa kwa Kiswahili, na kiongozi hupata kauli yake mbele ya macho ya hadhira, katika mabishano na wenzake na hata nyumbani, ambako uongozi wa mwanamke unapingwa kwa nguvu kama ule mgomo. Mazrui ameonyesha kile ambacho Mboya alikipita: kwamba kauli haipatikani mara moja, hujadiliwa upya kila siku. Dosari yake ni ya upande wa pili. Kiswahili cha tamthilia ni sanifu na kimesafishwa, na Lanina na mwajiri wake wanaweza kupingana bila ya yeyote kati yao kuhangaika kutafuta neno. Katika Nairobi halisi kuhangaika huko kulikuwa nusu ya siasa. Kiswahili cha nyapara, cha bwana afya na cha katibu wa chama, kilichokopa bila ya haya na kuvunja ngeli bila ya majuto, bado hakijapata mwandishi wake katika suala hili.

Mabaki yake yako katika mahali pasipopendeza. Makachero wa serikali ya kikoloni walihudhuria mikutano na kuandika, na katika kesi ya Kapenguria maandishi ya namna hiyo yalitolewa kuwa ushahidi, mengi yakiwa yamekwisha kutiwa Kiingereza. Mkalimani wa kwanza wa mahakama, Louis Leakey, alilazimika kujiondoa baada ya mawakili wa washtakiwa kuipinga kazi yake. Mtafiti atakayetaka kusikia jinsi hadhara ya Kaloleni ilivyosemeshwa atalazimika kuanzia na karatasi za polisi, akisoma tarjuma ya adui na kuikisia asili, kazi ambayo wanafunzi wa idara za Kiswahili wana vifaa vya kuifanya kuliko wanahistoria. Wazee waliokuwamo katika hadhara hiyo wamebaki wachache.

Makao makuu ya COTU yako Digo Road, hatua chache kutoka Gikomba, katika jumba lenye jina la Kiingereza. Kila tarehe 1 Mei wafanyakazi hukusanyika Nairobi, wimbo wa mshikamano uliotungwa Marekani ukaimbwa kwa Kiingereza, na Rais husoma hotuba iliyopigwa chapa. Kisha aghalabu huiweka kando karatasi na kuanza kusema kwa Kiswahili, na hapo ndipo umati huanza kuitikia. Magazeti ya kesho yake huchapa ile iliyosomwa.